Leo Tena, Kusuuza

Mtaniwia radhi wenzangu, naanza palepale: kusuuza, tunapounda maganda matupu madogo kwa kuvika chembe tabaka za polima (molekuli ndefu kama mnyororo), hasi na chanya kwa zamu, kisha kuyeyusha kiini. Kwa nini polima yenye chaji hunata juu ya uso wa chaji kinyume na kuigeuza chaji ya uso huo, mnajua. Sirudii.

Chembe za kalsiamu kaboneti, ndizo kiini chetu, tunazo: kalsiamu kloridi na sodiamu kaboneti, ujazo sawa, moli 0.33 kwa lita kila moja, zimekorogwa kwa nguvu nusu dakika. Msiziache majini mkaenda zenu. Viduara hivyo ni vateriti, umbo moja la kaboneti hiyo, na vikikaa majini hugeuka kalsiti, umbo jingine, fuwele zenye kona. Ganda nalo litafuata kona hizo.

Sasa tabaka. PSS, ile polima hasi, miligramu 2 kwa mililita, kwenye chumvi ya moli 0.5 kwa lita, dakika 15 mkitikisa. Tia kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha ili chembe zitue chini, mwaga maji ya juu, suuza mara tatu. “Moja haitoshi?” Haitoshi! Piga hesabu: ukibakiza mililita 0.1 kisha ukajaza hadi 1, umeacha sehemu 1 kwa 10 ya polima inayoelea. Mara tatu, 1 kwa 1,000. Ile iliyobaki ikikutana na PAH, polima chanya ya tabaka linalofuata, haisubiri chembe. Zinashikana humohumo majini, zinakuwa vipande vyeupe vinavyozigandisha chembe zenu pamoja. Halafu mnailaumu polima.

Au mnazungusha kwa kasi mno, mashapo yanashindiliwa, yanavunjika mabonge mabonge, na kila bonge linavikwa tabaka kana kwamba ni chembe moja. Pimeni zeta, kipimo cha chaji ya uso wa chembe, kila tabaka. Isipogeuka kutoka hasi kwenda chanya au kinyume chake, simameni hapo. Tabaka jingine halitaponya kitu.

Baada ya tabaka 8, EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, ya moli 0.2 kwa lita, pH karibu 7, huyeyusha kiini. Ndani ni tupu? Msiape. Kaboneti hii ina vitundu kama sponji. Polima huingia humo, na kiini kikitoka hubaki wavu. Anayetaka uwazi mtupu atafute kiini kisicho na vitundu. Na litazameni ganda likiwa bado majini, kwani likikauka hubonyea, mkadhani limepasuka.

Kopolima za vitalu nilizoahidi, yaani polima zenye sehemu inayopenda maji na isiyoyapenda, zinazojipanga zenyewe kuwa maganda matupu, kwa haraka: sehemu inayopenda maji iwe karibu theluthi ya uzito wa molekuli. Ikizidi nusu, tegemeeni misela, vidonge visivyo na uwazi. Maji yaingie tone kwa tone. Muda umekwisha. Mwenye swali la kusuuza abaki.