Mwongozaji Asiyetoa Jibu: Mhadhara wa Kumuenzi Profesa Amandina Lihamba

Mgeni rasmi, walimu wangu, wasanii wa Chamwino na wa hapa mjini Dodoma, na ninyi wanafunzi mliokaa mpaka kwenye ngazi: mbukwenyi!

Ahsanteni. Nimeitika mwito huu katika juma la Siku ya Sanaa za Maonyesho Duniani, ambayo tangu 1962 huadhimishwa kila tarehe 27 Machi. Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze mafanikio ya Profesa Amandina Lihamba na malezi aliyowapa wasanii. Sehemu ya kwanza ni nyepesi. Ni mwigizaji, mwandishi wa tamthiliya, mwongozaji, na profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilichoanzisha idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967. Shahada yake ya uzamivu aliipata Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa utafiti kuhusu siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Ni mmoja wa wahariri wa juzuu ya Afrika Mashariki ya maandishi ya wanawake wa Afrika, iliyotoka 2007. Mengine someni kwenye wasifu wake, nami niende kwenye linalonikera na kunifurahisha kwa pamoja.

Linalonikera ni hili. Mwandishi akifa anaacha kitabu. Mwigizaji, akibahatika, anaacha filamu. Mwongozaji je? Taa zikizimwa na viti vikipangwa, kazi yake imekwisha. Kwa hiyo tukitaka kumpima mwongozaji tumtafute kwa watu: wanaofanya kazi namna gani sasa, na namna hiyo waliitoa wapi.

Nianzie nyumbani. Hapo Ihumwa, ukishika njia ya Morogoro, ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyeifikisha ngonjera kila shule ya nchi hii. Wazee mliosoma miaka ya sabini mnaikumbuka vizuri. Wawili wanasimama mbele ya paredi, mmoja mjuzi, mwingine asiyejua au mbishi. Wanajibizana kwa beti. Mbishi anabisha, mjuzi anafundisha, na ubeti wa mwisho wote wawili wanaimba jambo moja. Baada ya Azimio la Arusha ngonjera zilibeba ujamaa hadi vijijini, na simdharau Mnyampala hata chembe, maana aliwapa watoto ujasiri wa kusimama mbele za watu na kusema Kiswahili kilichonyooka. Lakini ubeti wa mwisho ulijulikana kabla wa kwanza haujaimbwa. Hadhira ilikuja kupokea.

Jukwaa ambalo kizazi cha Lihamba kilirithi lilikuwa la namna hiyo. Walichokifanya, yeye na Profesa Penina Mlama na wenzao wa Chuo Kikuu, ni kuuondoa ubeti wa mwisho mikononi mwa msanii na kuwaachia watazamaji.

Katika miaka ya 1980 walitoka Dar es Salaam wakaenda vijijini: Malya mkoani Mwanza, Msoga kule Pwani, Mkambalani mkoani Morogoro. Hawakubeba tamthiliya kwenye mkoba. Kazi ilianza kwa kukaa na watu na kuuliza nini kinawasumbua. Kisha wanakijiji wenyewe wanachambua: tatizo hili limetoka wapi, nani ananufaika nalo, nani anaumia. Ndipo igizo linapoundwa, na linaundwa kwa sanaa zilizopo pale pale, ngoma yao, ngano zao, majigambo yao. Linaonyeshwa, halafu unakuja mjadala, na mjadala ndio wenye uzito kuliko yote. Kwa mwongozaji aliyezoea kupanga kila hatua jukwaani, hapo pagumu. Umeshughulika majuma kadhaa, watu wamekaa, wahusika wameganda katikati ya ugomvi, nawe huruhusiwi kusema nani ana haki.

Sasa tazameni tunachofanya siku hizi na kukiita sanaa kwa maendeleo. Shirika fulani, ambalo sitalitaja maana huenda wamo humu, lilinipigia simu likitaka igizo la dakika ishirini. Ujumbe ulishaandikwa. Fulana zilishachapwa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vijana wa kuuimba ujumbe huo mnadani na kupiga picha umati ukipiga makofi. Nilipouliza watu watachangia saa ngapi, nikaambiwa muda hautoshi, gari la msafara linatakiwa kurudi. Hiyo ni ngonjera bila vina! Bora ya Mnyampala, yenye mizani.

Mwaka 1996 Lihamba na Mlama walianzisha mpango wa Tuseme, wakayapeleka mambo haya kwenye sekondari, kwa wasichana. Hatua ni zile zile: wasichana wanataja yanayowakwamisha masomoni, wanachambua, wanaunda igizo, wanaliigiza mbele ya walimu na wazazi, wanajadiliana nao, na baada ya hapo inabaki klabu shuleni. FAWE, taasisi ya wanawake wanaopigania elimu ya wasichana Afrika, iliuchukua mpango huu na kuusambaza nchi nyingine, na Mlama mwenyewe alikuwa mkurugenzi mtendaji wake. Mnaona ulezi wa namna gani huo: kuna mabinti katika nchi nyingine wanaofanya kazi ya Lihamba na hawajawahi kusikia jina lake.

Niwape mfano mmoja wa huku kwetu. Ni shule ya kata, upande wa Chamwino, sitaisema ipi. Wasichana wa kidato cha pili walichagua suala la usafiri. Aliyeigiza konda alifunga kanga kiunoni, akavaa kofia ya kaka yake, anacheza na sarafu kiganjani, chwa, chwa, chwa. Anapiga kelele: "Denti mmoja tu! Wengine subirini linalofuata!" Uwanja mzima ulivunjika mbavu, maana kila mtu anamjua konda huyo. Linalofuata haliji. Jua linazama. Igizo likakoma hapo, wasichana wanne wamesimama barabarani na madaftari yao.

Mjumbe mmoja wa kijiji akasimama kwanza, kama kawaida ya wajumbe. Akasema watoto wa siku hizi hawataki kutembea, yeye alitembea mpaka Msalato. Makofi. Mkuu wa shule akatazama saa, anataka kufunga. Mimi moyo unaniambia nisimame nijibu, kwa sababu jibu ninalo, tena lenye takwimu. Nikakaa. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa chini ya mbuyu akauliza, bila hata kuinuka: "Mkikosa gari, mnarudi na nani?"

Yule binti aliyekuwa konda akavua kofia. Akasema, "Tunapita korongoni, bibi. Wakija wa bodaboda wanatupa lifti. Ya bure."

Neno hilo, bure, kila mzazi pale alilielewa. Mjumbe hakusema tena. Wakabishana hadi giza, kuhusu hosteli, kuhusu nauli, kuhusu vijana wa bodaboda ambao baadhi yao walikuwa wana wa waliokuwa wanabishana. Hawakukubaliana siku ile. Ila suala la hosteli lilifika mkutano wa kijiji, na lilipelekwa na akina mama. Ningesimama na takwimu zangu, yule bibi asingeuliza.

Kwa vijana wetu mnaomjua zaidi kwa filamu: Lihamba ndiye Samehe katika "Maangamizi" ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliiwasilisha kushindania Oscar. Anaigiza mgonjwa aliyelazwa hospitali ya akili, ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Mwigizaji anayeweza kuishikilia filamu akiwa amenyamaza anajua ukimya unafanya nini kwa mtazamaji. Nadhani ndiyo sababu haogopi ukimya wa hadhira baada ya igizo, ule unaotutia jasho sisi wengine mpaka tunakimbilia kipaza sauti.

Nina ombi kwa vikundi vya Dodoma, na mgeni rasmi naomba usikie. Mwaka 1980 Lihamba alichapisha "Hawala ya Fedha", tamthiliya aliyoitoa kwenye hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegali. Mzee wa Dakar anatumiwa hawala na mpwa wake aliyeko Paris. Pesa ipo posta, jina ni lake, lakini hana kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, ambayo haijui. Anazunguka ofisi hadi ofisi, na mwisho anamwamini ndugu msomi, na ndugu ndiye anayeila pesa yake. Sasa niambieni, kuna mji gani nchini unaostahili tamthiliya hii kuliko mji huu? Uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa 1973, sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu ikaja 2018, na leo tuna wizara pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Ifanyieni mazoezi. Pigeni Nyerere Square, jioni, watumishi wanapotoka kazini. Na muheme uwemo, wale mama wenye ngoma zao kati ya mapaja, wasiwekwe mwanzo tu kumpokea mgeni kisha waambiwe wakae pembeni. Wawe ndani ya mchezo: kila mzee anapoambiwa "njoo kesho", ngoma ijibu. Mkifika kwa yule ndugu msomi, simamisheni mchezo, muulize hadhira afanyweje. Msiwape jibu, hata kama aliyekaa safu ya mbele ni afisa wa vitambulisho.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na nyuma ya pazia kuna klabu ya wasichana wanasubiri tangu saa nane. Igizo lao ni la maji, wameliunda wenyewe, mimi nimeliona mara moja tu na sikuongeza hata mstari. Likiisha kuna maswali, na mengine yameelekezwa kwenye viti vya mbele hapa. Kwa hiyo waheshimiwa, madereva wasubiri kidogo. Karibuni jukwaani.