Pauline Malefane na lango la opera

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nianze na wanakwaya mlio humu ndani. Nani hajawahi kuimba "Haleluya Kuu"? Naona mnacheka. Handel aliitunga mwaka 1741, na leo mabesi wetu wanaiimba kwa Kiswahili bila kutazama karatasi. Ndiyo, ile ni oratorio, masimulizi ya kuimbwa bila kuigizwa, si opera, mchezo wa kuigizwa kwa kuimbwa, wataalamu msinirukie. Ninachotaka kusema ni kwamba anayedai masikio ya Kiafrika hayaiwezi sauti ya namna ile hajafika kwenye mazoezi ya kwaya Alhamisi jioni.

Mwanamke ninayemzungumzia leo, Pauline Malefane, mwimbaji na mwigizaji, ni wa Khayelitsha. Hicho ni kitongoji kikubwa cha Cape Town, kilichoanzishwa miaka ya 1980, zama za ubaguzi, kuwaweka watu weusi mbali na mji. Jina lake, kwa Kixhosa, ni makazi mapya. Malefane alisomea uimbaji Chuo Kikuu cha Cape Town, akaimudu opera kwa lugha za wenyewe. Angeweza kubaki huko huko.

Badala yake akamleta nyumbani Carmen, yule mwanamke wa opera ya Mfaransa Bizet. Filamu ya U-Carmen eKhayelitsha, iliyoongozwa na Mark Dornford-May, ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2005. Malefane ndiye Carmen, na alishiriki pia kuyatia maneno katika Kixhosa. Askari mpenzi wake ni polisi wa mtaani. Yule mpigana na fahali wa Kihispania amegeuzwa mwimbaji aliyepata jina ughaibuni, karudi kwao. Muziki wa Bizet, lakini, haukupunguzwa makali. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu wengi wakitaka kuwaletea watu opera huanza kwa kuichuja kama uji wa mgonjwa.

Kazi ya maneno hiyo si mchezo. Kixhosa ni lugha ya toni: silabi ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Bizet naye ana mipando na mishuko yake, na hakumuuliza Mxhosa yeyote. Sisi hatuna toni, ila tuna mkazo. Chukua neno "mapenzi". Mpigo mzito ukiangukia "ma" badala ya "pe", msikilizaji anashtuka kama aliyesikia mgeni akiongea. Kwa upande mwingine maneno yetu huishia kwenye vokali, kama ya Kiitaliano, na vokali ndiyo mahali mwimbaji anapopumzishia sauti. Watunzi mliopo, hilo ni deni lenu.

Na tusiwe na woga wa kuazima. Ile Habanera maarufu ya Carmen, mahadhi yake ni ya Cuba, yenye damu ya Afrika ndani yake. Wimbo wenyewe Bizet aliuchukua kwa Mhispania Iradier akidhani ni wa kijadi. Mwazimaji kaazimwa.

Baadaye Malefane na Dornford-May waliunda kundi la Isango. Isango ni lango. Wakachukua Filimbi ya Kichawi ya Mozart, wakaiita Impempe Yomlingo, na okestra yote ikawa marimba na ngoma. Kengele za kichawi zikapigwa kwa chupa zenye maji. Filimbi yenyewe ikawa tarumbeta. Malefane aliimba Malkia wa Usiku, ile sehemu inayopanda hadi juu kabisa ambako waimbaji wengi hupaogopa. London iliwapa tuzo ya Olivier, ile ya maonyesho ya jukwaani, mwaka 2008. Mimi sioni ajabu: mwaka 1791 Mozart mwenyewe aliiandika kwa Kijerumani, kwa jumba la pembeni mwa mji, watu wa kawaida wakaijaza.

Ila inayonikaa zaidi moyoni ni filamu yao ya Breathe Umphefumlo ya mwaka 2015, kutoka La bohème, opera ya Puccini. Humo msichana aitwaye Mimi anakufa kwa kifua kikuu. Kwa mtazamaji wa Ulaya leo, ugonjwa ule ni wa mababu. Khayelitsha, mtu anamtazama yule msichana akikohoa na anamkumbuka jirani aliyekuwa akimeza vidonge mwezi kwa mwezi. Hapo hahitaji mtu wa kumweleza opera ni nini.

Kijana wa mitambo, tuwekee yale marimba. Maswali baadaye.