Tarehe ya Kung'oa Nanga

Wazee wangu, ndugu zangu, hili mmenisikia nikilisema barazani na madarasani, na leo nalirudia: safari ndefu ya matanga huamuliwa kabla nanga haijang'oka. Chombo madhubuti kinasaidia, nahodha hodari anasaidia, lakini mwenye kauli ni msimu. Kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki tangu Desemba hadi Machi, na kusi, utokao kusini tangu Aprili, mnazijua, siziongezi maneno.

Chukueni Vasco da Gama, yule nahodha Mreno. Watoto wetu hufundishwa kwamba mwaka 1498 alifika Malindi, mfalme akampa rubani, akavuka hadi Calicut, bandari ya Bara Hindi. Basi, kitabu kinafungwa. Mbona hawaambiwi alivyorudi? Kwenda, aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikianza. Upepo ukamsukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na baada ya siku 23 za maji matupu wakaiona Bara Hindi. Tarehe 20 Mei wakatia nanga.

Kurudi, hakungoja kaskazi isimame. Ameshakosana na wakubwa wa Calicut, akaondoka kisiwa cha Anjediva, kusini mwa Goa, tarehe 5 Oktoba, wakati wa maleleji, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi ambapo upepo hautulii upande mmoja. Bahari ni ileile, lakini mara shwari, mara upepo wa mbisho, unaokuja mbele ya chombo. Zile siku 23 zikawa miezi mitatu kasoro siku tatu!

Na shwari baharini si mapumziko, jamani. Tanga limelegea, jua linachoma sitaha, pipa la maji linashuka kila siku na chombo hakijasogea. Kiseyeye kikawaingia. Fizi zilivimba zikafunika meno, mtu ana chakula mbele yake na hawezi kutafuna. Miguu ikajaa. Watu 30 wakafa njiani, juu ya wengine 30 waliokwisha kufa kabla. Kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wanaoweza kazi. Tarehe 2 Januari 1499 wakaiona pwani, karibu na Mogadishu. Walipofika Malindi, da Gama alituma mtu nchi kavu akawatafutie wagonjwa machungwa. Yakaletwa, na bado wengine walizikwa hapohapo. Mbele kidogo, kusini mwa Mombasa, wakaichoma moto São Rafael, merikebu yao mojawapo, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Kuna atakayesema kiseyeye ni maradhi ya chakula, upepo unahusikaje? Ni kweli, ni upungufu wa vitamini C. Lakini mwili una akiba yake. Wiki tatu inavumilia, miezi mitatu haifiki. Na hiyo miezi iliongezwa na nini?

Majahazi ya Sur, bandari ya Omani, na ya Kuwait yalingoja msimu. Yakija na kaskazi, yakipakia boriti za mikoko Lamu na Rufiji, yakirudi kusi ikianza, kabla Juni na Julai hazijaichafua Bahari ya Arabu. Humo ndani jiko ni sanduku lenye mchanga, chakula ni wali, tende na samaki wa mshipi, maji ya wote yamo kwenye fantasi moja, yaani tangi la maji la chombo. Nahodha aliyekosea mwezi aliwakosesha maji watu wake, ndiyo sababu hakuna aliyeona haya kukaa bandarini akingoja.

Mtaniambia sasa kuna injini. Injini haijabadilisha bahari ya Julai. Feri ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam na abiria, katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Sisemi upepo peke yake ndio uliowaua wale watu. Nasema mwezi ule wazee wetu walikuwa na habari zake, na mwenye chombo anayeuza tiketi lazima awe nazo pia.

Nyota za Kilimia, kamali ile ya kupimia nyota, namna ya kuzungusha foromani, ule mti unaobeba tanga, wakati wa kugeuza tanga, yote nimeyaacha, muda umenitupa mkono. Walimu mlioko hapa, mkifundisha habari za 1498, andikeni ubaoni tarehe nne: 24 Aprili, 20 Mei, 5 Oktoba, 2 Januari. Kisha waulizeni wanafunzi, kila tarehe, upepo ulikuwa ukitoka wapi.