Kelele za tumboni: H. pylori na kinga yetu wenyewe

Jamani waliosimama huko nyuma, huku mbele viti vipo. Leo ni huyu bakteria wa tumboni, H. pylori. Karibu nusu ya watu duniani wanaye tumboni na wengi hawajisikii chochote, ila ukiwapiga kamera ya tumboni ukachukua kinyama kidogo ukakiangalia kwenye hadubini, karibu wote utakuta wana gastritisi, yaani ukuta wa tumbo umejaa seli nyeupe za damu. Sasa nani kaziita?

Maana bakteria mwenyewe anajificha vizuri tu. Anakaa kwenye ute, asidi anaipooza kwa amonia anayoitengeneza mwenyewe, hata mikia yake ya kuogelea iko tofauti kiasi kwamba TLR5, kipokezi kinachonasa mikia ya bakteria wengine, hakimshtukii. Tatizo ni zile aina kali zenye jeni za cag, hizo zina mtambo wa kusukuma protini ya CagA mpaka ndani ya seli yako, na mlemle vinapita vipande vya ukuta wa bakteria, NOD1, kipokezi kilichoko ndani ya seli, inavidaka, NF-kappa B, protini ya kuwasha jeni, inaamka inaingia kwenye kiini inaziwasha, basi seli inaanza kumwaga interleukini-8, protini ya kuita kinga.

Interleukini-8 ni kama ile "mwizi!" ya usiku uswahilini. Nutrofili, aina ya zile seli nyeupe, zinatoka mbio kwenye damu, zinamwaga kemikali za kuua, mwizi katulia zake kwenye ute na vimeng'enya vya kuzizima hizo kemikali anavyo, vinavyovunjika ni vibanda vya watu. Na kelele hiyo bila dawa inaenda miaka na miaka.

Barry Marshall, yule daktari wa Perth, Australia, mwaka 1984 aliwanywa hawa bakteria makusudi aone kama wanaleta ugonjwa (msijaribu), na siku ya 10 alipopigwa kamera gastritisi ilikuwepo tayari, kidonda hakuna. Nobel akapata 2005 pamoja na Robin Warren.

Halafu kuna interleukini-1 beta, hii mi ndo naiogopa zaidi, kwa sababu inaita kinga na hapohapo inazima asidi. Asidi ikishuka muda mrefu tezi zinakufa, ukuta unabadilika, na huko mbele kwa wachache inakuja kansa. WHO kupitia IARC, shirika lake la utafiti wa kansa, walishamweka huyu bakteria kundi la 1 la visababishi vya kansa tangu 1994.

Kuhusu kipimo cha damu, maana najua mtauliza. Kile kinaangalia antibodi, protini ambazo kinga yako inatengeneza dhidi ya bakteria, na antibodi unazo hata kama bakteria keshakufa miezi kibao iliyopita, kwa hiyo mtu kamaliza dozi vizuri anapimwa damu anaambiwa bado unaye anaanzishiwa dawa upya, hii inaniudhi sana. Ukimaliza antibayotiki subiri angalau wiki 4, omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, uiache wiki 2 kabla, kisha upime kipimo cha kinyesi kinachotafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe, au cha pumzi. Haya, maswali, we dada wa kitenge anza.