Herufi Kwenye Matundu: Kudarizi Majina kwa Mkono

Mama zangu shikamooni, na ninyi vijana karibuni. Inanifurahisha kwamba hapa Moshi, penye cherehani kila baraza, bado wapo watu wa sindano ya mkono. Leo nazungumzia herufi tu: jinsi ya kudarizi jina kwenye kanvasi, kile kitambaa kigumu cha matundu.

Kalamu huenda itakako mwandishi. Sindano hupita penye tundu, basi. Kwa hiyo herufi ihesabiwe kwanza kwenye karatasi ya grafu, mraba mmoja mshono mmoja. Hapo ndipo M inapotutesa, nasi ndio wenye akina Mushi, Massawe, Minja na Mallya! Ukiipa M safu 3 itasomeka H. Ipe 5. Chukueni MUSHI kwa kimo cha mishono 7: M safu 5, U 4, S 4, H 4, I 1, na safu tupu moja kati ya herufi na herufi. Jumla 22. Kwenye kanvasi ya matundu 14 kwa inchi, jina lina upana wa sentimita 4 hivi. Kwenye ya 10, karibu 5.6.

Sasa hili naomba mlishike. Mshono wa kawaida wa kanvasi ni nusu msalaba: unatoka chini kushoto, unapanda juu kulia, kila mara. Mstari wa herufi ulioinamia upande huohuo unaungana vizuri. Ulioinamia upande wa pili unakatika vitone vitone. Tazameni A: mguu wa kushoto umenyooka, wa kulia umemeguka. N ndiyo inayoumia zaidi, maana mstari wake wa kati wote ni vitone. Nimeona watu hodari wakifumua na kurudia, wakidhani mkono wao ni mbovu. Si mkono, ni mlalo wa uzi. Darizini herufi kwa msalaba kamili, uzi wa juu ulale upande mmoja kote, na eneo linalozizunguka libaki nusu msalaba.

Kwa herufi tatu za jina, desturi moja huweka ya ukoo katikati, kubwa kuliko wenzake. Kunjeni kanvasi mpate kati, muanze na hiyo. Herufi zitangulie, rangi ya nyuma ifuate. Na uzi mweusi usivutwe nyuma ya sehemu nyeupe, utaonekana.

Kazi hii ina heshima ya siku nyingi. Makumbusho ya Victoria and Albert, London, yana kitambaa cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, chenye alfabeti na maneno ya kuzaliwa kwa mtoto, Alice Lee. Nasi tunadarizi majina kwa ajili ya ubatizo na harusi. Sababu ni ileile.

Karatasi ziko mezani. Kila mmoja achore ukoo wake kwa kimo cha mishono 7. Wenye N waanze kuja kwangu.