Adapta ya kipoza oili imelegea: usiikaze tu, ifungue

Karibuni tena gereji. Leo tuna pikipiki ya Kijapani ya 400cc, mzee wa kazi, na mwenyewe ni mama mmoja anayependa kuipeleka Naivasha wikendi. Alipoileta aliniambia, "Fundi, inamwaga oili asubuhi tu. Nikifika Westlands imeacha." Mafundi wawili walishaikaza kabla yangu, na bado inamwaga.

Leta kamera hapa chini, karibu na filta. Unaona hiki kisahani cha alumini kilichobanwa kati ya filta na bloku ya injini? Hiyo ndiyo adapta. Paipu mbili zinatoka hapo kwenda kwenye kipoza kile cha mbele. Wengi wetu Nairobi tunakiita oili kula, kutoka Kiingereza "oil cooler", na jina linakifaa, kwa sababu adapta yake ikilegea inakula oili kweli.

Kwa nini asubuhi tu? Oili ikiwa baridi ni nzito, na injini ikiwashwa presha yake inapanda kuliko wakati wa joto. Baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai unaijua mwenyewe. Sasa kama oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia oili iliyo nyuma ya adapta, imekauka, ile presha ya kwanza inapata upenyo. Vyuma vikipata moto vinatanuka, oringi inalainika kidogo, uvujaji unatulia. Mwenye pikipiki anadhani imepona.

Kwanza tuhakikishe inavuja wapi. Injini ikiwa baridi, osha eneo lote kwa sabuni, lifute likauke kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka adapta na kwenye maungio ya paipu. Washa, iache dakika tano, halafu mulika tochi. Pale poda ilipolowa na kuwa nyeusi ndipo penye shida. Tazama yetu: mstari umeanzia juu, nyuma ya kisahani, ukateremka hadi chini ya filta. Paipu ziko kavu. Zima, subiri ipoe, sasa ishike adapta kwa mkono. Inacheza! Nikiisukuma kushoto inakubali. Ikifikia hapa usiendeshe tena. Oili inayodondoka hapa inapeperushwa hadi tairi la nyuma, na kwenye kona za kupanda kutoka Mai Mahiu hutaki tairi lenye oili.

Tunafungua. Ipashe injini moto dakika mbili tatu, izime, weka karai, mwaga oili. Usiitupe mtaroni, mtaro wetu unaishia mtoni. Ihifadhi kwenye mtungi, kuna watu wanaichukua kupaka mbao zisiliwe na mchwa.

Filta sasa. Hapa tulia. Wakati nafungua filta kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto unaizuia adapta isizunguke, la sivyo utazipinda paipu. Ona kilichotokea: filta imetoka na bolti ya katikati ikiwa imeng'ang'ania ndani yake. Hii bolti yenye tundu ndiyo inayoibana adapta kwenye bloku. Imetoka bila upinzani wowote. Maana yake filta ilikazwa sana, bolti ikakazwa kidogo, na kila filta ilipobadilishwa bolti ilifunguka nayo robo mzunguko. Hao wenzangu waliikaza filta, hawakuikaza adapta.

Kabla ya kuishusha adapta, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito, nusu kwenye adapta na nusu kwenye bloku. Utanishukuru wakati wa kurudisha. Paipu zenyewe nikizilegeza natumia spana mbili: moja inafungua bolti ya banjo, ile yenye tundu inayofunga paipu na kupitisha oili, nyingine inashikilia shina la adapta.

Haya, oringi hii hapa. Mpya ni ya mviringo ukiikata katikati. Hii imekuwa bapa kama mkanda, na nikiikunja inapasuka. Imekuwa plastiki. Hakuna nguvu ya spana itakayoifufua.

Ukienda Kirinyaga Road au Grogan kununua nyingine, nenda na ya zamani mfukoni, na pia upime kina cha mfereji inamokaa. Oringi ya kawaida ni ya mpira aina ya naitrili, inavumilia takriban nyuzi joto 100 hadi 120. Ya vaitoni, mpira wa kuhimili joto zaidi, inafika karibu 200. Mimi kwa adapta nanunua vaitoni, bei ni juu kidogo lakini sifungui tena mwakani. Usidanganywe na rangi, maana nyeusi na kahawia zote zinaweza kuwa chochote. Nunua kwa muuzaji anayejua anachouza. Na zile za mabomba ya maji kutoka hadiwea, ziache ziendelee na maji.

Safisha nyuso zote mbili. Ziba tundu la bloku kwa kitambaa safi, ukwangue kwa kipande cha mbao au plastiki. Bisibisi hapana, itachora alumini na oili itafuata mchoro huo. Angalia pia upande wa filta: gasketi ya filta ya zamani huwa inabaki imenata hapa. Ukifunga filta mpya juu yake, una gasketi mbili zilizopandana, na hiyo ikiachia barabarani inamwaga oili yote kwa muda mfupi.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: "Fundi, nisipake silikoni kidogo?" Hapana. Silikoni inayobanwa ndani inakatika vipande, vinasafiri na oili hadi kwenye vinjia vyembamba vya injini. Tepu ya fundi bomba vilevile. Oringi nzima kwenye uso safi haihitaji msaada.

Kinachohitajika ni gundi ya nyuzi za bolti, ile ya buluu. Safisha nyuzi zikauke, weka matone mawili upande unaoingia kwenye bloku tu, usiguse upande wa filta. Nyekundu usitumie, itakulazimu kuichoma na moto siku ya kuifungua. Paka oringi oili safi, ikalishe mferejini, rudisha adapta, linganisha mstari wako.

Sasa kukaza. Tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya adapta au kitabu cha pikipiki. Kama huna, azima. Nasema hivi kwa uchungu: miaka ya nyuma, nikiwa na haraka, niliingiza bomba kwenye mkono wa spana nikaongeza nguvu. Ilikaza, ikakaza, halafu ghafla ikawa laini. Nyuzi za bloku zimekufa. Nilibeba injini nzima hadi Kariobangi ikatobolewa na kuwekwa nyuzi za chuma, na pesa ilitoka mfukoni mwangu.

Wosha za shaba kwenye bolti za banjo, weka mpya kila upande. Ukikosa, zile za zamani zichome hadi ziwe nyekundu, zipoe, zitalainika. Za alumini zikishatumika tupa. Kaza paipu, kisha zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Paipu isivutwe, wala isiguse ekzosi.

Mimi hapa naiacha hadi kesho gundi ishike vizuri.

Habari ya asubuhi! Filta mpya: paka oili kwenye gasketi yake, izungushe kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, au kama filta yenyewe ilivyoandikwa. Kwa mkono. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Jaza oili. Washa, macho kwenye taa ya oili. Isipozimika ndani ya sekunde chache, zima injini mara moja utafute sababu. Yetu imezimika. Iache ingurume dakika mbili, zima, subiri, pima oili kwa kijiti. Imeshuka, kwa sababu kipoza na paipu zimevuta oili yao. Ongeza kidogo kidogo.

Sasa mama ameichukua, ameipeleka Thika Road hadi Ruiru na kurudi. Injini ina moto. Napitisha karatasi ya shashi nyuma ya adapta, juu, pembeni, chini kabisa ambapo tone lingejificha. Leta kamera. Nyeupe. Lakini hii ni ya joto, na ugonjwa wetu ulikuwa wa asubuhi, kwa hiyo pikipiki inalala hapa leo, na kesho saa kumi na mbili, ikiwa baridi kama jiwe, tunapitisha karatasi nyingine.