Kaa, Simama, Kaa: Mazoezi ya Nyumbani kwa Anayeishi na Saratani

Karibu. Leo tunahitaji kiti kimoja tu, ila kiwe kiti cha maana: kigumu, chenye egemeo, kisicho na magurudumu, na ukikikalia nyayo zako zote mbili zitue sakafuni. Kisogeze mpaka egemeo liguse ukuta, kisije kikarudi nyuma unaponyanyuka. Vaa viatu vinavyoshika mguu, si kandambili. Maji na simu viwe mahali unapofikia bila kuinama. Simamisha video, andaa hivyo vitu, halafu rudi.

Umerudi? Vizuri. Video hii ni yako ukiwa katikati ya matibabu, ukiwa umemaliza, au ukiwa umeambiwa kwamba ugonjwa huu utaishi nao. Naanza na uchovu, kwa sababu ndio unaowasumbua wengi kuliko kitu kingine. Uchovu wa kazi ukilala unaisha. Uchovu wa saratani unalala nao na kuamka nao. Ndiyo maana ule ushauri wa "wewe pumzika tu", unaotolewa na watu wanaokupenda kweli, hausaidii kama wanavyodhani. Misuli isiyotumika hupungua, na ya mapaja hupungua upesi. Ikipungua, kunyanyuka kitandani kunakuwa kazi, moyo unakwenda mbio kwa safari fupi ya chooni, unachoka zaidi, kwa hiyo unalala zaidi. Mduara huo tunaukata leo, na tunaanzia mapajani.

Mwaka 2019 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilipitia tafiti za mazoezi kwa watu wenye saratani. Likaona kwamba mwendo wa wastani wa dakika 30, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni nzito, na humrudishia mtu uwezo wa kufanya mambo yake. Kisha mwaka 2025 yakatoka matokeo ya utafiti uliofuatilia watu 889 waliokwisha kufanyiwa upasuaji na tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) ya saratani ya utumbo mpana. Waliopewa programu ya mazoezi kwa miaka 3, yenye mtu wa kuwasimamia, walirudiwa na saratani kwa kiwango kidogo kuliko waliopewa maelezo ya afya peke yake. Nakuomba usilichukue hili zaidi ya lilivyo. Ni aina moja ya saratani, na watu hao walitibiwa kwanza. Mtu akikuambia uache dawa ufanye mazoezi, huyo mkimbie.

Sasa hatua ya kwanza, na hii haifanyiki kwenye kiti. Kabla hujanifuata, zungumza na daktari wako wa saratani. Usimuulize tu "naweza kufanya mazoezi?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "ndiyo, kidogokidogo", na utaondoka kama ulivyokwenda. Uliza mambo mahususi.

Uliza kama saratani imefika kwenye mifupa, na ni mifupa gani. Jibu likiwa ndiyo, hukukatazwa kujongea. Ila kuruka, kunyanyua vizito, na kuinama huku ukijipinda mgongo ni vitu vya kuacha, na ni vyema mtaalamu wa fiziotherapia akuchagulie mazoezi badala ya kufuata mtu wa kwenye video, nikiwemo mimi. Uliza damu yako ikoje. Chembe nyeupe, zinazopambana na vijidudu, mara nyingi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi ya tibakemikali. Siku hizo kaa mbali na kumbi za mazoezi na mabwawa ya kuogelea. Chembe sahani, zinazogandisha damu ukiumia, zikiwa chini, chochote kinachoweza kukuangusha kinasubiri. Uliza pia dawa zako zinagusa nini. Doksorubisini na trastuzumabu zinaweza kudhoofisha moyo. Paklitakseli, oksaliplatini na vinkristini zinaweza kuleta ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu. Kama una mrija wa dawa kifuani au mkononi, kuogelea hapana. Kama una mfuko wa choo tumboni, uliza ni uzito gani unaruhusiwa kunyanyua, maana sehemu ile ya tumbo inaweza kutokeza ngiri.

Andika majibu. Daftari hilohilo tutalitumia tena.

Hatua ya pili ni kuipima siku. Si jana, si wiki iliyopita ulipokuwa na nguvu. Leo. Jipe alama ya uchovu, 0 mpaka 10, ambapo 0 ni hakuna kabisa na 10 ni uchovu usioweza kuuzidi. Ukiwa 0 mpaka 3, fanya video nzima. Ukiwa 4 mpaka 6, fanya nusu ya hesabu ninazotaja. Ukiwa 7 kwenda juu, fanya sehemu ya kukaa tu, na mwambie daktari wako namba hiyo, kwa sababu huenda nyuma yake kuna upungufu wa damu, maumivu, au usingizi mbovu, na hivyo vina tiba yake.

Kama unajisikia joto, weka kipimajoto kabla ya kumeza kidonge cha homa, kwa kuwa kidonge kinaweza kuificha. Ukiwa kwenye tibakemikali na kikasoma nyuzi 38 au zaidi, zima video upige simu hospitali sasa hivi. Hata kama ni usiku. Hata kama unaona aibu kusumbua watu.

Na yapo mengine ya kukusimamisha katikati. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika ghafla, moyo kupiga ovyo: kaa, na omba msaada. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Inahitaji kuonwa leo. Maumivu mapya ya mfupa, acha na uulize. Na miguu ikianza kulegea au kufa ganzi kwa ghafla, au ukashindwa kuzuia haja huku mgongo ukiuma, nenda hospitali moja kwa moja, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na hapo saa moja ni nyingi.

Basi tuanze. Kaa mbele kidogo ya kiti, mgongo usiguse egemeo. Mabega chini. Nyanyua goti la kulia, shusha. La kushoto, shusha. Kama unatembea ukiwa umekaa. Mikono iache iyumbe yenyewe. Endelea dakika 2, na pumua kwa mdomo au pua, upendavyo. Mimi si mkali kwenye hilo. Sharti langu ni usizuie pumzi. Sasa zungusha vifundo vya miguu, mara 10 huku, mara 10 kule. Mabega nayo, nyuma tu, taratibu. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi atahisi ngozi ya kwapani ikivutika. Kuvutika ni sawa. Kuchoma si sawa, punguza.

Sasa zoezi lenyewe. Kama leo una nguvu ya jambo moja tu, liwe hili. Rudisha nyayo nyuma kidogo, visigino viwe chini ya magoti au nyuma yake kidogo. Zitenganishe kwa upana wa nyonga. Sogeza kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Wengi hukosea hapo: wanataka kunyanyuka wima kama lifti, wanashindwa, wanadhani hawana nguvu. Nguvu wanazo, uzito ndio uko nyuma. Ulete mbele kwanza. Kisha toa pumzi, sukuma sakafu kwa visigino, simama. Nyooka kabisa. Ngoja kidogo.

Kushuka sasa, na kushuka ndiko kunakojenga. Usijitupe. Hesabu nami: moja, mbili, tatu, nne, na makalio yanagusa kiti. Tena. Mbele, pumzi nje, simama. Shuka kwa hesabu ya nne.

Huwezi bila mikono? Shika ukingo wa kiti au magoti yako. Bado huwezi? Weka mto mgumu juu ya kiti ili usishuke sana. Wewe unayemuuguza na unatazama naye, usimvute mkono. Simama ubavuni mwake, karibu, na umwache anyanyuke mwenyewe. Ukimvuta, zoezi umelifanya wewe.

Tunakwenda mara 8. Namba hiyo si amri. Ikiwa ya tano imekuwa ngumu kiasi kwamba ungeweza kuongeza mbili tu, tano ndiyo seti yako. Pumzika dakika moja au mbili. Kunywa maji. Rudia seti moja zaidi kama alama yako ya uchovu inaruhusu.

Geukia ukuta ulio wazi. Simama umbali wa mkono, viganja ukutani usawa wa kifua. Kunja viwiko, sogeza kifua kwenye ukuta, sukuma urudi. Mwili mnyoofu, nyonga zisibaki nyuma. Mara 8. Kwa waliotolewa tezi za limfu kwapani, najua wengi mliambiwa msibebe chochote kwa mkono huo maisha yenu yote. Hofu ilikuwa mkono kuvimba. Mwaka 2009 utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba baada ya saratani ya titi ulionyesha kwamba kunyanyua uzito mara 2 kwa wiki, kwa kuongeza polepole sana na chini ya uangalizi, hakukuzidisha uvimbe, na dalili zilipungua. Neno la kushika hapo ni polepole. Kama una soksi ya mkono ya kubana, ivae sasa. Mkono ukiwa mzito au pete ikikubana kesho yake, rudi nyuma hatua moja na umwone mtaalamu wako.

Ukiwa hapohapo ukutani, simama juu ya vidole vya miguu, hesabu mbili, shuka. Mara 10. Mwenye ganzi ya nyayo asiondoe mikono ukutani, na aangalie chini mguu ulipo, kwa sababu macho yanafanya kazi ambayo nyayo zimeiacha. Ukiona unayumba, fanya ukiwa umekaa. Jioni kagua nyayo zako; mtu mwenye ganzi anaweza kuwa na lengelenge asijue.

Kisha kutembea. Sina mengi ya kusema hapa. Tembea unakoweza, ndani au nje, dakika 5. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: uweze kuongea, usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni ni 30 halali kabisa, na kwa mtu wa tibakemikali naona ni bora kuliko 30 za mkupuo zinazomlaza mpaka jioni.

Rudi kwenye kiti. Tembeza magoti polepole dakika 2 mpaka pumzi itulie. Ukitaka kulala mchana, lala, lakini weka kengele ya dakika 30. Zaidi ya hapo unaukopa usingizi wa usiku.

Chakula nitakigusa kwa jambo moja tu. Misuli hii tunayoiita kazini hujengwa kwa protini, na mtu mwenye saratani anahitaji zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mpaka 1.5 akiweza. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 mpaka 90. Mwenye tatizo la figo aulize kwanza. Hamu ikiwa haipo, kula kidogo mara nyingi, na uanze na chenye protini kwenye sahani kabla tumbo halijajaa vingine. Ukiona uzito unashuka bila kutaka, usijipongeze, sema hospitali.

Fungua daftari sasa. Andika tarehe, alama ya uchovu kabla, mara ulizosimama, dakika ulizotembea. Saa moja baadaye andika alama ya uchovu tena. Wanaotibiwa kwa mizunguko, baada ya mizunguko miwili mitatu utaanza kuona mpangilio: siku zipi baada ya dozi huwa mbaya, zipi zinafunguka. Siku mbaya panga magoti ya kukaa tu, na usizihesabu kama siku ulizoshindwa. Siku zilizofunguka usifidie. Wanaofidia huishia kulala siku mbili.

Kuongeza kunakwenda hivi. Ukiweza kukaa na kusimama mara 12, seti 2, na alama ya uchovu ya saa moja baadaye haipandi, kwa wiki 2 mfululizo, ongeza kitu kimoja. Kimoja tu. Toa mto kwenye kiti, au acha kushika magoti, au ongeza dakika 2 za kutembea. Ukikaa bila mazoezi zaidi ya wiki moja kwa sababu ya homa au kulazwa, anza tena na nusu ya hesabu ya mwisho iliyo kwenye daftari lako.